Ufalme kwanza, na gunia la lumbesa

Mleta mada, nimekusoma. Una duka la nafaka. Mchungaji amekwambia kuutanguliza ufalme wa Mungu ni kuhudhuria ibada za Jumatano na Ijumaa jioni, na kutoa zaka kabla hujagusa hesabu nyingine yoyote. Shemeji naye anasema jioni ndiyo saa ya wateja na duka linakufa. Unauliza nani yuko sahihi. Wachangiaji wengi wamekupa ratiba. Mimi nanunua viazi mviringo Njombe na kuvishusha Dar, kwa hiyo nitaanzia kwenye gunia.

Isome Mathayo 6:33 yote: "Bali utafuteni kwanza ufalme wake, na haki yake, na hayo yote mtazidishiwa." Tunaushika ufalme, tunashika na kuzidishiwa, ile haki ya katikati tunaipita kama kituo kisicho na abiria. Na kwetu wafanyabiashara haki haihitaji semina. Inakaa kwenye kipimo.

Kwa wasioijua lumbesa: gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu linaongezewa kichwa kwa juu na kushonwa kwa kamba. Sheria inakataza gunia kuzidi kilo 100, lakini shambani anayesema ni mwenye pesa mkononi. Tuseme bei ni 70,000 kwa gunia. Likiwa na kilo 100, mkulima ameuza kilo kwa shilingi 700. Likiwa na kilo 130, ameuza kwa kama 538, na kilo 30 zimeondoka bure. Kwa bei ile ya kwanza hizo ni shilingi 21,000, kwenye gunia moja tu. Anakubali kwa sababu ada inadaiwa, mvua inanyesha na viazi vimeshachimbwa.

Sasa njoo Jumapili. Usharikani kwetu baada ya ibada kuna mnada wa sadaka: kuku, mayai, ndizi, sado la viazi. Nimeshuhudia mnunuzi mmoja wa viazi akipandisha bei ya sado lililotolewa na mama mmoja mjane mpaka watu wakapiga vigelegele. Wiki hiyohiyo yuko shambani kwa mama yuleyule, anasimamia vijana washindilie lumbesa. Alichokitoa mbele ya madhabahu alikirudisha kwenye gunia la kwanza, na chenji ikabaki. Nabii Amosi aliwasema watu wa namna hiyo (sura ya 8): wanangoja sabato iishe wafungue ngano, huku efa, kipimo chao cha nafaka, wameifanya ndogo. Hawakuwa wapagani wale. Sabato walikuwa wanaishika.

Sisemi mchungaji wako kakosea kuhusu zaka. Mathayo 23:23 Yesu anawakemea waliolipa zaka hadi ya mnanaa na bizari wakaacha adili, rehema na imani, lakini hakuwaambia waache kulipa. Ila mtu akikufundisha zaka mwaka mzima bila hata siku moja kukuuliza unavyopima, amekufundisha nusu.

Mimi nanunua kwa kilo. Na sitakudanganya kwamba baada ya hapo milango ilifunguka. Dalali wa Dar gunia lililonyooka halitaki, anasema mteja wake amezoea kichwa. Ikabidi niuzie wakaanga chipsi na mama ntilie kwa kilo. Hela inaingia kidogo kidogo, na kukopwa kupo. Niliokuwa nao tangu mwanzo wengine wana Fuso zao, mimi bado nakodi. Ndiyo maana mahubiri ya "tanguliza ufalme uone gari linakuja" yananichosha. Rudi mistari miwili nyuma uone "hayo yote" ni yapi: chakula, kinywaji, mavazi. Hivyo vitatu sijavikosa. Ada ya shule haimo kwenye orodha, lakini nayo imekuwa ikipatikana, mara nyingine dakika za mwisho.

Kuna jambo jingine hukuliuliza ila linagusa duka lolote. Amri ya sabato, Kutoka 20:10, haimpumzishi tajiri peke yake. Inamtaja mtumwa, mjakazi, mnyama, hata mgeni aliye ndani ya malango. Kama wewe uko kwaya na kijana wako anabeba magunia tangu alfajiri ili duka lisikose mauzo, ibada yako imelipiwa na mgongo wake. Na ujira wake wa wiki umpe kabla hujaandika ahadi ya jengo la kanisa kwenye bahasha. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana.

Kuhusu ratiba yenyewe sioni ugomvi mkubwa. Zungushaneni: Jumatano wewe ibadani na shemeji dukani, Ijumaa mbadilishane. Kama hata hiyo haiwezekani, kaa naye, mchague jioni moja, kisha umwambie mchungaji wazi kwamba nyingine mmeshindwa kwa sasa. Mchungaji mwenye hekima atakuelewa. Akikutishia laana kwa sababu ya Ijumaa, hilo tulifungulie mada nyingine.

Ila kabla ya yote hayo niambie: wakulima wanaokuletea mahindi unawapimia kwa kipimo gani? Kama ni debe, lichunguze kama halijatanuliwa chini, maana mengine hutanuliwa, na hakikisha debe la kununulia ndilo hilohilo la kuuzia. Ukiweza nunua mzani, uwapelekee Wakala wa Vipimo wauhakiki na kuugonga muhuri, kisha uuweke mbele ya kaunta mahali ambapo anayeleta mzigo anaweza kusoma namba mwenyewe.