Gari Nyumba la Mkononi: Panda Juu Uone Paa Kabla Hujafungua Boneti

Watu wakija kuniuliza kuhusu gari nyumba la mkononi, yaani gari la kulala safarini ambalo mtu mwingine ameshalitumia, karibu wote huanzia kwenye injini. Limetembea kilomita ngapi, linakula mafuta kiasi gani, moshi wake rangi gani. Ni maswali ya maana, ila majibu yake yamejaa kila gereji ya Tanga hii. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser na Coaster, au 3L na 5L za Hiace, mafundi wetu wanaifungua huku wanapiga soga, na spea hazikosekani. Paa ndilo halina duka la spea. Likioza hununui jingine ukafunga. Unajenga upya, na kabla ya kujenga inabidi ung'oe kabati, dari, nyaya za taa na kitanda. Ndiyo maana mimi huanzia juu. Paa likinikataa, boneti sihangaiki nayo.

Mimi na mdogo wangu tunazungusha wageni wanaopenda kupiga kambi: Amboni, Pangani, Lushoto, wengine hadi Saadani. Magari tunayokagua huja kwa njia tatu. Kuna ya Wazungu wanaoshuka kutoka Mombasa kupitia mpaka wa Horohoro, wanapumzika ufukweni kwetu, safari imewachosha au pesa imekata, wanataka kuuza warudi kwao kwa ndege. Kuna yanayoshushwa kwenye meli kutoka Japani yakiwa tayari na kitanda na sinki. Na kuna Coaster na Hiace za hapa hapa, mtu kang'oa viti katia godoro na jiko la gesi. Kila moja lina ugonjwa wake wa paa.

Paa la bati la chuma adui yake ni kutu, na kutu huanzia kwenye mfereji wa ukingoni, ule unaopokea maji ya mvua. Ukiona rangi imetuna pale, ikwaruze kwa ukucha mbele ya mwenye gari. Akikuzuia, umeshajua. Hiace iliyoinuliwa paa kwa faiba haina shida juu kabisa. Shida ni pale faiba inapokutana na bati, maana vitu viwili hivyo havitanuki sawa juani, na gundi iliyo katikati yao ndiyo inayoumia.

Yanayohitaji macho zaidi ni yale ya Ulaya yaliyojengwa kinyumba hasa. Ukuta na paa lake ni fremu ya mbao, nje limevishwa alumini au faiba, ndani plaiwudi nyembamba, katikati povu la kuzuia joto. Maji yakiingia humo hayana pa kutokea. Mbao inaoza taratibu kwa miaka huku nje gari linang'aa, na ukija kuona doa kwenye dari, uozo umeshatembea mbali. Halafu doa lenyewe haliko chini ya tundu. Maji hufuata fremu na nyaya, yakaingilia kwenye dirisha la juu ya kitanda na kudondokea juu ya jiko. Usimkubalie mtu anayekuonyesha doa moja na kukwambia "tatizo ni hapa tu".

Ukishapanda ngazi (na ni ngazi yako, tena uiegemeze kwenye nguzo, usiiegemeze kwenye gari la watu), usipoteze muda na uwanda wa katikati. Nenda palipotobolewa na palipounganishwa: madirisha ya juu, bomba la kupumulia la choo, antena, boliti za sola, miguu ya keria, skrubu za turubai la pembeni, na mshono wa mbele juu ya kichwa cha dereva. Huo wa mbele ndio unaopigwa na upepo na mvua gari likiwa mwendoni, na mimi ndipo ninapoweka muda wangu mwingi. Pitisha kidole kwenye gundi yote. Inatakiwa iwe bado na unyumbufu, ikibonyea na kurudi. Ikiwa ngumu, imepasuka vipande au imejibandua ukingoni, maji yanaingia au yako njiani.

Tanga tuko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, na jua letu haliihurumii plastiki. Vifuniko vya madirisha ya juu hupauka, kisha hutoa mistari midogo midogo kwenye pembe na bawaba. Kifuniko kimoja ukikishika kikalia "ka!", hesabu kubadilisha vyote, kwa sababu vimekaa kwenye jua lile lile. Upepo wa bahari nao una chumvi yake. Mahali skrubu ya chuma cha pua ilipoingia kwenye alumini, metali hizo mbili zikipata maji ya chumvi alumini huanza kulika, na utaona unga mweupe umezunguka kichwa cha skrubu. Upanguse, kisha jaribu skrubu kwa bisibisi taratibu. Ikizunguka bure bila kukaza, tundu limeshapanuka.

Uliza pia gari lilikuwa linalala wapi. Chini ya mwembe kuna kivuli, lakini majani huziba mifereji, maji yanasimama juu ya mishono siku nzima. Chini ya mnazi ni mbaya zaidi. Nazi ikidondokea paa la bati inaacha bonde utakaloliona; ikidondokea faiba inaweza isiache kitu ila nyufa nyembamba mno zinazosambaa kutoka sehemu moja. Mwagia maji kidogo, futa kwa kitambaa, nyufa hubaki na unyevu na huonekana vizuri zaidi. Kisha ingia ndani uangalie sehemu hiyo hiyo kwa chini.

Sasa nije kwenye jambo ninalobishania na madalali kila mara: paa lililopakwa rangi juzi. Wenzangu wengi wanaliona ni faida. Mimi nikiona paa jeupe pee, jipya, juu ya gari la miaka 20 ambalo ubavu wake umechunika, bei naishusha kabla sijasema salamu ya pili. Dalali mmoja pale Barabara ya Pangani alinipokea kwa hilo hilo.

"Mzee, paa usiwe na wasiwasi, tumelipiga rangi wiki hii hii."

"Na wiki iliyopita lilikuwa na nini?"

Akacheka. Nikapanda. Kwenye mshono wa mbele mtu alikuwa amemimina silikoni nene, ya kwenye sinki za bafuni, juu ya gundi ya zamani, juu ya vumbi, kisha rangi juu ya vyote. Nilipoinamisha pua ilikuwa bado inanuka siki. Harufu hiyo ni ya asidi inayotoka silikoni ya namna hiyo inapokauka, na asidi hiyo yenyewe inakula chuma. Isitoshe, silikoni ikishapakwa, gundi nyingine yoyote haishiki juu yake mpaka uikwangue yote. Kwa hiyo yule aliyekuwa "ametengeneza" alikuwa ameniongezea kazi, akataka nimlipe kwa kuniongezea. Tepu ya lami, ile ya kuzibia mabati ya nyumba, ichukulie vivyo hivyo. Paa chakavu lenye gundi kuukuu inayoonekana nalipenda zaidi. Angalau linasema lina nini.

Ukishuka, ingia ndani na ufunge milango na madirisha yote. Kaa dakika chache bila kusema na mtu, unuse. Ubani, udi, dawa ya kupulizia yenye harufu ya limau, vyote hivyo ndani ya gari linalouzwa hunitia shaka. Kisha fungua makabati ya juu, hasa yale ya pembeni kabisa mbele na nyuma, toa vilivyomo, mulika kwa tochi ukiilaza karibu na ukuta ili mwanga upite kwa ubavu. Mawimbi ambayo hukuyaona kwa mwanga wa kawaida yatajitokeza. Bonyeza pembe kwa dole gumba. Plaiwudi nzima haikujibu kitu. Iliyooza inazama chini ya kidole kama biskuti iliyochovywa kwenye chai, na karatasi ya juu inabaki na alama ya dole lako. Gonga pia kwa kifundo cha kidole ukienda hatua kwa hatua: mlio ukibadilika kutoka mkavu kuwa mzito wa kupwaya, tabaka zimeachana. Na kama juu kuna kiyoyozi cha paani, simama chini yake uangalie dari kwa mbali. Vitu hivyo vingi huwa na karibu kilo 30 au zaidi, na paa lililolainika hulala kidogo pale, maji yakapata dimbwi.

Kuna kipimo kidogo cha unyevu wa mbao, chenye pini mbili, hakigharimu sana na kinaingia mfukoni. Wakaguzi wa magari haya Uingereza hukitumia kila siku: chini ya asilimia 15 wanaona salama, kati ya 15 na 20 ni ya kufuatilia, ikizidi 20 tafuta chanzo, ikipita 30 tegemea mbao zimeshaharibika. Lakini usizichukue namba hizo kichwa kichwa huku pwani. Hewa yetu yenyewe ina unyevu. Pima kwanza sehemu unayojua haiwezi kupata mvua, mathalani kabati la katikati ya gari, uandike. Ndipo upime pembe na kuzunguka madirisha. Kinachotisha ni tofauti. Kabati likisoma 16 na pembe ya mbele ikasoma 17, lala usingizi. Pembe ikisoma 28, hapo pana mazungumzo mengine. Pini zinaacha vitundu vidogo, kwa hiyo omba ruhusa kwanza, pima mahali pasipoonekana.

Wakati mzuri wa kununua ni masika, ingawa ndipo wanunuzi wanapokimbia. Kuanzia Machi hadi Mei, na Mei kwetu hapa ndiyo yenyewe, mbingu inakufanyia ukaguzi bure. Nenda asubuhi baada ya mvua ya usiku, bila kupiga simu mapema. Kama ni kiangazi, tafuta mpira wa maji. Endesheni kwanza gari kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo ili mishono ichezecheze, mrudi, mmoja aingie ndani na tochi, mwingine amwage. Anza chini ukipanda, kuta kwanza, kisha madirisha, paa mwisho, dakika kama 10 kila sehemu. Ukianza juu maji yatafunika kila kitu na hutajua yameingilia wapi. Yaache yatiririke yenyewe. Presha ya kuoshea magari itapenyeza maji hata penye gundi nzima na kukupa ugomvi usio wa lazima. Kisha geuza gari: pua ikiwa chini, halafu pua ikiwa juu. Kuna mapaa yanayovuja yakiegeshwa mlimani tu, na wewe Lushoto ndiko unakotaka kwenda.

Kama huna uhakika na faiba, usimchukue fundi bodi. Fundi bodi atakwambia "inapigwa puti, inaisha". Mchukue fundi wa boti. Kule Sahare, hapa hapa Tanga, wapo watu wanaoziba boti za faiba, chombo kinarudi baharini na mtu anakitegemea kwa uhai wake. Wanajua kusikiliza faiba kwa kugonga, na wanajua ukarabati wa kweli unaanza kwa kukata hadi palipo pazima. Mlipe nusu siku yake aje nawe. Mzee mmoja nimtumiaye huwa haongei chochote mbele ya muuzaji. Akishuka kwenye ngazi akaanza kupangusa mikono kwa utulivu, najua ni zuri. Akiniita pembeni, "njoo baba," tunaondoka.

Bei sasa. Gundi iliyochoka peke yake isikukimbize. Ni mirija kadhaa ya gundi ya poliyurethani na siku mbili za kazi, omba upunguziwe kiasi hicho na ununue. Madirisha ya juu yaliyopasuka vivyo hivyo, ila uliza kwanza kama vipimo vyake vinapatikana Dar, maana cha kuagiza Ulaya kitachukua wiki nyingi huku gari likivaa turubai. Pembe moja laini, jadili kwa nguvu. Mbao zikiwa laini pembe mbili au juu ya dereva, nunua tu kama unaweza kulilipia kwa bei ya chasi na injini, nyumba uihesabu sifuri. Na kwa magari ya wageni yaliyoingia kwa karneti (hati ya kuingiza gari nchini kwa muda bila kulipa ushuru), hata paa likiwa zima, ushuru wa TRA, mamlaka ya mapato, lazima ulipwe ndipo liwe lako kisheria. Jueni mapema nani analipa.

Ukishanunua, usikimbilie kuziba siku hiyo hiyo. Ukifunga unyevu ndani, umeuacha uendelee kuozesha mbao. Ng'oa kipande cha dari palipolowa, acha wazi, egesha juani mchana na ufunike usiku, pima tena na tena mpaka namba zishuke zikaribie za lile kabati la katikati. Januari na Februari, kaskazi inapovuma na kukauka, ndio msimu wake. Silikoni ya zamani ikwangue yote kwa kisu cha plastiki, futa kwa spiriti, toa skrubu zilizolegea uweke nene kidogo zenye gundi kwenye uzi wake, ndipo upake poliyurethani, na uipe siku nzima bila maji.