Neno "ruber" kwa wanaoanza kazi kwenye kliniki ya ngozi

Ninyi mnaoanza zamu kwenye kliniki ya ngozi mtakutana na neno la Kilatini lenye maana ya "-ekundu" tangu wiki ya kwanza, na huenda msilitambue, kwa kuwa huandikwa kwa namna tatu: ruber, rubra na rubrum. Kivumishi cha Kilatini hufuata jinsia ya nomino yake, kama sisi tunavyosema mtu mwekundu, ua jekundu na kitambaa chekundu bila hata kufikiri. Ndiyo maana heroe wa Karibia huitwa Phoenicopterus ruber, vipele vya joto huitwa miliaria rubra, na kuvu wa miguu na kucha huitwa Trichophyton rubrum. Miti hutatiza kidogo, kwani mwaloni mwekundu ni Quercus rubra licha ya ule mwisho wa -us. Warumi waliiweka miti mingi katika jinsia ya kike. Sarufi hiyo mtaizoea upesi. Kinachowapoteza wanafunzi ni rangi yenyewe.

Chukueni Trichophyton rubrum. Daktari Mwitaliano Aldo Castellani, yule yule aliyefika Uganda mwaka 1902 kuchunguza malale, alimweleza kuvu huyu mwaka 1910 alipokuwa akifanya kazi Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Wekundu unaotajwa katika jina ni wa kuvu aliyeoteshwa maabara: ukigeuza kisahani na kutazama upande wa chini, mara nyingi utaona rangi kama ya divai. Mguuni mwa mgonjwa unaweza usione chochote ila magamba meupe kwenye nyayo, na kucha nene zilizogeuka manjano. Nimewahi kumwona mwanafunzi hodari akikataa kuliandika jina hilo kwa sababu tu "mguu haukuwa mwekundu".

Hata nje ya tiba jina hudanganya vivyo hivyo. Plumeria rubra, mti wa maua yanukiayo unaopandwa sana katika bustani za pwani, mara nyingi huchanua maua meupe yenye kiini cha manjano. Na mkikuta kitabu cha zamani kinachomwita heroe mkubwa wa Afrika Mashariki ruber, jueni kwamba aliwahi kuhesabiwa spishi moja na yule wa Karibia. Leo huitwa Phoenicopterus roseus.

Miliaria rubra ndiyo iliyonifundisha mimi mwenyewe. Katika mwezi wangu wa kwanza niliandika kwenye faili la mtoto mchanga "hakuna wekundu", nikaondoa ugonjwa huo katika orodha yangu, ilhali mama yake alikuwa ameshaniambia mara mbili kwamba mwanawe ana harara. Muuguzi mmoja wa makamo aliuchukua mkono wangu akaupitisha mgongoni mwa mtoto: vipele vidogo vilivyokwaruza kama mchanga, na ngozi yenye joto. Ugonjwa huu hutokea vijia vya jasho vinapoziba ndani ya tabaka la juu la ngozi na jasho kuvuja pembeni na kuwasha. Walioupa jina la wekundu waliutazama kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe huo huo huonekana wa kahawia iliyokolea, wa zambarau au wa kijivu, na pengine hauonekani kabisa chini ya taa ya chumba. Kwa hiyo mpelekeni mgonjwa karibu na dirisha, linganisheni na ngozi isiyougua, guseni kwa kiganja, na muulizeni mama kama rangi imebadilika, maana yeye humwogesha mtoto huyo kila siku.

Jambo la mwisho linahusu barua za rufaa. Rubella na rubeola yote yametokana na mzizi huu huu wa wekundu, lakini vitabu vingi vya Kiingereza huita surua "rubeola", ilhali wenzetu wa Burundi na Kongo waliosomea udaktari kwa Kifaransa huita rubela, ambayo ni ugonjwa mwingine, "rubéole". Mkipokea barua yenye neno hilo, mpigieni simu aliyeiandika kabla ya kujaza fomu ya taarifa, nanyi katika barua zenu andikeni "surua" au "rubela".