Shangazi, mume wangu dereva hajali hofu yangu

Mama Wawili wa Uyole, barua nimeisoma, pole. Hofu ya mke wa dereva wa semi naijua, ukisikia tu Kitonga au mteremko wa Inyala tumbo linakatika. Pole yangu imeishia hapo.

Unasema mumeo "hana moyo" sababu akiwa njiani Dar kwenda Tunduma hapokei simu, na akirudi analala fofofo wakati wewe unakesha. Ila katikati umepitisha harakaharaka kwamba usiku upo kwenye magrupu ya WhatsApp ya ajali unazuum picha uone namba ya gari, na saluni umefunga wiki ya pili hii. Hee! Mtu anapanda Kitonga na kontena mgongoni we unapiga mfululizo, unataka aangalie kona au aangalie jina lako kwenye kioo cha simu? Mi nipo upande wake.

Na usidhani haogopi. Anaogopa ila akili yake anaigeuza mwenyewe. Derryberry na Reed, watafiti, mwaka 2002 walionyesha kwamba wenye wasiwasi wakiona ishara ya hatari akili inaikimbilia fasta, hapo huchagui, tofauti inakuja kama nusu sekunde baadaye, anayeweza kutawala umakini anaubandua anaupeleka kwingine, asiyeweza ananata palepale. Wewe umenata mwanangu. Na wasiwasi ukizidi unakula nguvu hiyohiyo ya kujibandua, ndo maana unasema hata wali unaungua ukiwa umesimama jikoni.

Ndoa za siku hizi nazo! Bibi zetu huku waume walienda migodini Kopabelti ya Zambia na Afrika Kusini, miezi na miezi barua moja, na viazi vililimwa. Leo tiki zisipogeuka bluu watu washaanza kupanga msiba.

Usijikaze eti "siwazi ajali", ndo unaiita hivyo. Toka kwenye hayo magrupu leo, fungua saluni, suka zile rasta nyembamba zinazotaka macho na vidole, wazo likija usibishane nalo, rudi kwenye nywele, likirudi tena nawe rudi tena. Mkubaliane apige akishapaki Ipogolo na Makambako, basi. Usingizi ukigoma bado na moyo unadunda hovyo, nenda hospitali uonane na daktari wa afya ya akili, siyo aibu.

Na akipiga kutoka Tunduma usianze na "mbona hukupokea". Muulize kama amekula.