Ni enzi ya Obote, si ya Amin
Wapo wanaodai kwamba Idi Amin ndiye aliyelinyamazisha Transition, jarida la fasihi na siasa la hapa Kampala. Hapana, si yeye. Pigo hilo lilitoka kwa serikali ya Milton Obote: Rajat Neogy, mhariri aliyelianzisha mwaka 1961, alikamatwa mwaka 1968 pamoja na mbunge Abu Mayanja, baada ya jarida kuchapisha barua ya Mayanja iliyoikosoa serikali, ilhali Amin alitwaa madaraka Januari 1971. Nimeyasoma matoleo ya zamani maktabani, na kurasa za barua ndizo zilizonigusa zaidi, kwa jinsi watu walivyojadili katiba bila kificho. Hata hivyo, ni kweli kwamba chini ya Amin waandishi kadhaa walikimbilia uhamishoni, na pengine ndiyo maana mambo haya mawili huchanganywa.