Toyota yangu ya 1999 imo?

SWALI: Shikamoo mzee. Nasambaza vifurushi Birmingham, huku Michigan, Marekani. Mwenzangu kazini anasema taa za mji huu zilipangwa upya kwa kufuatilia magari yanayopita, bila kuchimba lami kuweka vihesabio. Inawezekana? Na Toyota yangu ya 1999 nayo imehesabiwa? – Dereva wa vifurushi

JIBU: Marahaba. Mwenzako hajakudanganya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitumia taarifa za magari ya General Motors kupanga taa za makutano 34 mjini humo, wakachapisha matokeo 2024. Asilimia 6 tu ya magari inatosha, kwa sababu taa nyingi hurudia mpango uleule kila siku ya kazi. Gari la Jumatatu saa 2 asubuhi na la Jumanne saa ileile, ukiyapandanisha wiki kadhaa, picha inajaa.

Gari hutuma nukta kila baada ya sekunde chache: lilipo, saa, mwendo. Nukta zikiachana, unatembea. Zikisongamana, umekanyaga breki. Zikirundikana mita 80 kabla ya mstari wa kusimama kwenye taa, umesimama, na mkia wa foleni tumeshaujua. Ukisogea kidogo halafu ukasimama tena kabla ya kuvuka mstari uleule, basi kijani kimekuacha. Kwa fundi wa taa hiyo ni aibu: upande wako umepunjwa sekunde.

Zamani nilikaa makutanoni siku tatu kwenye kiti cha plastiki, nikihesabu magari, mpaka muuza karanga akaniuliza kama nimefukuzwa nyumbani. Nilipata siku tatu tu za hesabu, na moja ilikuwa ya mvua.

Birmingham, muda wa kungoja ulipungua kwa hadi asilimia 20, na idadi ya kusimama kwa hadi asilimia 30. Zingatia hilo neno "hadi". Si kila kona iliyofaidi hivyo.

Ninachogombana nacho ni kimoja. Mtembea kwa miguu hatumi nukta. Ukiwasikiliza wenye magari peke yao, utarefusha kijani cha barabara kuu, na mama mwenye kigari cha mtoto atangoja pembeni kwenye baridi bila kuonekana popote kwenye hesabu zako. Mtu lazima aende akakae pale na kiti chake.

Toyota yako haimo. Taarifa zilikuwa za General Motors, na gari la umri huo halitumi kitu. Wewe unapita bure kwenye kijani walichotafutiwa wengine.