Leseni hufuata unakoishi, si unakofanya kazi

Maswali mengi ya safari hii yanahusu NLC (Nurse Licensure Compact), mkataba unaomruhusu nesi wa Marekani kufanya kazi katika majimbo wanachama kwa leseni moja. Ulianza kutumika mwaka 2000, ukaandikwa upya kuanzia Januari 2018, na sasa majimbo zaidi ya 40 yamo.

Naishi Minneapolis, Minnesota, nimepata kazi Hudson, Wisconsin, ng'ambo tu ya mto. Wisconsin imo kwenye mkataba. Leseni yangu inatosha?

Haitoshi, dada. Kinachoangaliwa ni jimbo la makazi yako, yaani leseni ya udereva, kadi ya mpiga kura na ritani ya kodi vinasoma wapi. Minnesota haimo, ingawa jirani zake wote wanne wa ndani ya Marekani wamo. Omba leseni ya jimbo moja ya Wisconsin. Mtihani hurudii, unalipa ada na kuhamisha rekodi zako. Na tafadhali usiazime anwani ya binamu yako aliye kule. Hilo ni tamko la uongo mbele ya bodi ya uuguzi inayotoa leseni, na bodi haina ubinamu.

Kwa nini Minnesota inagoma kujiunga?

Wanaogoma hasa ni chama cha wauguzi. Muswada hurudi bungeni mara kwa mara, hospitali zikiuunga mkono. Septemba 2022 manesi wapatao 15,000 wa jimbo hilo waligoma kwa siku tatu, na chama kinahofia kwamba leseni ya majimbo mengi itarahisisha kuleta watu wa kuziba nafasi za waliogoma. Hofu hiyo si upuuzi. Lakini hata leo hospitali huwapata watu hao, ila kwa gharama kubwa, huku nesi wa kawaida aliye mpakani akilipia leseni mbili kila zinapoisha muda. Mimi ningeupitisha muswada, kisha nipiganie haki ya mgomo katika sheria za kazi, mahali pake.

Massachusetts gavana alishatia saini sheria ya kujiunga. Mbona bado tunaambiwa tungoje?

Gavana Healey alitia saini Novemba 2024, ila saini haitoi leseni. Tazama Pennsylvania: sheria ilipita 2021, bodi ikakwama kwenye idhini ya FBI ya kuchunguza alama za vidole. Septemba 2023 manesi wa nje wakaruhusiwa kuingia na leseni zao, na wenyeji wakaendelea kungoja zao za majimbo mengi hadi Julai 2025. Kulipa kodi kote kule halafu mgeni akutangulie! Fuatilia tangazo la bodi yako, si maneno ya WhatsApp.

Nahama Texas kwenda Arizona.

Yote mawili ni wanachama. Ukishahamia, una siku 60 za kuomba leseni ya Arizona.

Nipo Eldoret, nimefaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi Marekani. Naweza kuomba leseni ya majimbo mengi moja kwa moja?

Bado, mdogo wangu. Inadai makazi katika jimbo mwanachama na namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani). Anza na ya jimbo moja. Ukishafika na kutulia, utaomba kubadilishiwa.

Mimi ni CNA, msaidizi wa nesi. Nami nimo?

Haumo. Mkataba huu ni wa RN (nesi aliyesajiliwa) na LPN (nesi wa ngazi iliyo chini yake) peke yao.