A sita, mkwaruzo mmoja

SWALI: Shikamoo mzee. Nafungasha kahawa ya kusaga nyumbani, Soweto hapa Moshi. Kijana wa stesheneri amenitengenezea lebo, KAHAWA YA MACHAME, kwa herufi za kizamani zilizochakaa kama maandishi ya magunia ya zamani. Dada yangu anasema zinaonekana za kughushi. Kasoro siioni, ila roho haijatulia. Nakutumia pakiti moja.
Mfungasha kahawa, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimevaa miwani, nimeikagua. Dada yako ana jicho.

Hesabu A zilizomo: ziko 6 katika herufi 15. Sasa tazama mguu wa kulia wa kila A. Zote zimemegeka pale pale, na zote zina kidoa kile kile kama punje ya ulezi. Fonti hiyo, yaani seti ya herufi za kompyuta aliyotumia kijana, ina A moja tu. Aliyeichora kwa mkono simnyimi haki yake, maana zile serifu, yaani vijistari vya kwenye ncha za herufi, ambazo sisi wachora mabango tuliziita visigino, zimekaa vizuri. Lakini kompyuta imeigonga A hiyo mara 6 kama muhuri. Kwa neno COFFEE asingeumbuka haraka hivi. Kiswahili kimejaa A, hakimsitiri mtu.

Kwenye chapa za zamani kila A ilikuwa kipande chake cha madini ya risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Sanduku moja lilikuwa na A kibao: hii imeanguka sakafuni, ile imebanwa mno, nyingine haijaguswa. Kila moja ilizeeka kivyake. Hata mabango yangu ya Barabara ya Mawenzi yalikuwa hivyo. Baada ya masika mawili rangi ilibanduka chini kwanza, maji yanakotuama kwenye ubao; juu ilibaki inang'aa. Uchakavu una sababu yake, ndiyo maana wa kubuni hugundulika.

Muulize kijana kama fonti hiyo ina A za akiba. Zilizotengenezwa kwa uangalifu huwa na mbili tatu kwa kila herufi, ila lazima uziwashe kwenye programu, na wengi hawajui. Kama hazimo, mimi ningeachana nayo. Chukua fonti safi ya visigino, toa jina kubwa kwenye karatasi kwa printa ya unga (ya leza), kisha sugua kwa msasa laini, taratibu, halafu skani. Hapo hakuna A mbili zitakazofanana hata ukitaka.

Sugua zaidi pembeni chini, pale kidole gumba kinaposhika pakiti. Uzito na tarehe ya mwisho wa matumizi usiviguse: vyapishe kwa herufi safi. Kwenye lebo yako ya sasa, 250 imekwaruzwa hadi nimeisoma 260.